Chambo cha Kaa: Mabaki ya Samaki katika Historia ya Uvuvi wa Pwani

Utangulizi

Historia ya uvuvi katika pwani ya Afrika ya Mashariki imeandikwa, kwa sehemu kubwa, kama historia ya vyombo na bidhaa. Wanahistoria wamechunguza mitepe na majahazi, pepo za kaskazi na kusi, na biashara ya papa mkavu aliyeletwa na mabaharia kutoka Uarabuni na pwani ya Somalia. Kazi kama ile ya A. H. J. Prins, *Sailing from Lamu*, iliyochapishwa mwaka 1965, imetufunulia maisha ya mabaharia kwa namna ya kusifika. Mikoko nayo imepata waandishi wake, kwa kuwa boriti zilikatwa Lamu na Rufiji zikapelekwa Ghuba kwa karne nyingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wake mwaka 1982. Boriti zilipita forodhani, na kilichopita forodhani kiliacha maandishi.

Kaa aishiye chini ya mikoko hiyo hiyo hakupita forodhani. Wala hakupita humo kichwa cha samaki kilichotumiwa kumnasia. Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo hili linaloonekana kuwa dogo, yaani matumizi ya mabaki ya samaki kama chambo cha kaa, na kuonyesha kwamba ndani yake mna swali kubwa la historia ya jamii: ni nani aliyekuwa na haki ya kile kilichosalia baada ya samaki kugawanywa, na ni nani aliyeamua kwamba kitu fulani ni mabaki? Kwa kuwa ushahidi wa maandishi ni haba, itabidi kuanza na ushahidi ambao wanalugha wanaufahamu zaidi, nao ni ushahidi wa maneno.

Ushahidi wa maneno

Neno kaa, kwa maana ya mnyama mwenye magando, si neno la mkopo. Asili yake ni Kibantu cha kale, ambamo wataalamu wamelijenga upya kwa umbo la *-kada. Kiswahili kimeidondosha konsonanti ya katikati kama kilivyofanya katika maneno mengine mengi: njala ya Kichewa ni njaa ya Kiswahili. Kikongo, lugha iliyo upande wa pili wa bara, kimehifadhi umbo kamili zaidi, nacho humwita mnyama huyu nkala; Kizulu humwita inkala. Inafaa kuongeza kwamba badiliko hilo hilo la sauti ndilo lililofanya maneno matatu yaliyokuwa mbalimbali kukutana katika umbo moja. Mahali ambapo Kikongo kina nkala (mnyama), makala (makaa ya moto) na kala (kuwa, kuishi), Kiswahili kina kaa, makaa na kukaa. Mwanafunzi anayedhani kwamba kaa ameitwa hivyo kwa sababu hukaa shimoni amepotoshwa na sauti.

Jambo hili lina maana katika historia. Jina la kaa limeenea bara zima, hata mahali pasipo na bahari, kwa kuwa mito na vijito vya bara navyo vina kaa wake. Kwa hiyo wazee wa Waswahili hawakujifunza jina hili walipofika pwani. Walikuja nalo.

Hali ni hiyo hiyo kwa zana za kazi. Ndoana ni neno la Kibantu, lenye asili moja na kitenzi ambacho katika Kiganda ni kuloba na katika Kizulu ni ukudoba, vyote vikiwa na maana ya kuvua. Chambo nalo lina umbo la ngeli ya ki-vi, ambapo ki- imegeuka ch- mbele ya irabu na wingi wake ni vyambo, na Kichewa kina nyambo kwa maana ile ile. Maneno haya yakilinganishwa na bahari, nahodha na nanga, ambayo yametoka Uarabuni na Uajemi, picha fulani huanza kujitokeza. Msamiati wa bahari kuu na wa safari ndefu umepokea mikopo mingi. Msamiati wa maji ya karibu, wa kutega na kunasa kwa mkono, umebaki Kibantu kwa sehemu kubwa. Uvuvi wa kaa umo katika tabaka hili la zamani.

Ushahidi wa maandishi ya kale, ingawa ni mdogo, unaelekea upande huo huo. Mwandishi wa Kiyunani asiyejulikana jina, aliyeandika *Periplus* ya Bahari ya Eritrea katika karne ya kwanza baada ya Kristo, ametaja kisiwa cha Menuthias, ambacho wataalamu wamekitambulisha na Pemba, Unguja au Mafia. Anaeleza kwamba wenyeji walikuwa na mitumbwi iliyochongwa katika gogo moja na vyombo vilivyoshonwa, na kwamba waliwanasa kasa kwa namna ya pekee, kwa vikapu vilivyosukwa na kufungwa katika milango ya maji kati ya miamba. Hakutaja kaa. Lakini kikapu kilichowekwa mahali maji yanapopita ni jamaa wa dema, ambalo Mombasa huitwa lema, nalo limetumika katika pwani hii mpaka leo.

Kazi yenyewe

Kaa anayehusika hasa hapa ni kaa mkubwa wa mikoko, ambaye wanasayansi humwita *Scylla serrata*. Maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yalitoka katika maandishi ya Peter Forsskål, aliyefariki Yemeni mwaka 1763 na kazi yake ikachapishwa mwaka 1775. Kwa muda mrefu wataalamu walichanganya aina kadhaa chini ya jina hilo, hadi mwaka 1998 zilipotenganishwa kuwa aina nne. Mnyama huyu huweza kupita uzito wa kilo mbili. Huishi katika mashimo ya matope na katika mikono ya bahari kama Mida, Kilifi, Mtwapa na Gazi, na majike yake huelekea bahari kuu wakati wa kutaga.

Njia za kumpata ni mbili kwa asili. Ya kwanza ni kumfuata. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, mvuvi huenda kwa miguu kati ya mizizi ya mikoko akiwa na kijiti kirefu chenye ncha iliyopinda, akatia kijiti shimoni, akamhisi kaa na kumvuta. Njia hii haihitaji chambo wala chombo. Inahitaji maarifa ya mashimo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wavuvi wa kaa wa Kenya umeonyesha kwamba maarifa hayo hurithishwa katika jamaa, kutoka kwa mzee hadi kwa mwanawe.

Njia ya pili ni kumwita. Hapa ndipo mabaki ya samaki yanapoingia. Kichwa cha samaki, uti wa mgongo wenye nyama kidogo, au matamvua, hufungwa ndani ya dema au mwisho wa kamba isiyo na ndoana. Katika dema, kaa huingia kwa mlango ulio mpana nje na mwembamba ndani, akashindwa kutoka. Katika kamba, hakuna kinachomfunga ila ukaidi wake mwenyewe. Akikishika chambo kwa gando hapendi kukiachia, na mvuvi humvuta polepole hadi karibu na uso wa maji, kisha humteka kwa wavu au kikapu kabla hajauona mwanga na kuzinduka.

Kwa nini samaki, na kwa nini mabaki? Utafiti wa B. J. Hill, uliochapishwa mwaka 1976, ulionyesha kwamba chakula kikuu cha kaa huyu ni wanyama wa magamba magumu, kama konokono na chaza, pamoja na jamaa zake kaa wadogo. Samaki waendao mbio si windo lake la kawaida. Basi mvuvi humpa kaa kitu ambacho yeye mwenyewe huwa nadra kukipata. Isitoshe, kaa hutambua chakula kwa vipapasio vyake vidogo, ambavyo huonja vitu vilivyoyeyuka majini, na samaki aliyepasuliwa hutoa damu na mafuta ambayo mkondo huyachukua mbali. Lakini vitu hivyo havidumu. Hutoka kwa wingi katika saa za kwanza, baadaye chambo kikawa kama kitambaa kilichofuliwa. Hii ndiyo sababu ya kukibadilisha kila mara, na ndiyo sababu ya kuchagua kichwa na mfupa badala ya utumbo peke yake. Utumbo huita upesi, lakini huliwa na kwisha upesi. Kichwa huita polepole na huvumilia kung'atwa.

Hesabu ya kazi hii ni nyepesi kueleweka. Mtu anayebadilisha chambo mara kwa mara hawezi kutumia samaki mzima ambaye angemuuza au kumla. Uvuvi wa kaa kwa chambo uliwezekana kwa sababu palikuwa na kitu kisichokuwa na mnunuzi.

Sheria na meza

Ni lazima kuuliza pia kwa nini kaa mwenyewe hakuwa bidhaa kubwa. Sehemu moja ya jibu imo katika vitabu vya sheria. Waislamu wa pwani hii kwa wingi wao hufuata madhehebu ya Shafi, na miongoni mwa vitabu vilivyosomeshwa katika vyuo vyao ni *Minhaj al-Talibin* cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho kimehalalisha samaki kwa jumla, lakini kimemtaja kaa, pamoja na chura na nyoka, kama mfano wa wanyama waishio nchi kavu na majini ambao kuliwa kwao ni haramu. Wanazuoni wa baadaye wamelijadili suala hili, na wako waliotenganisha kaa waishio majini daima na wale watokao. Yafaa ikumbukwe pia kwamba si wakazi wote wa pwani ni Waislamu, na kwamba kaa wameliwa katika nyumba nyingi bila ya mjadala wowote.

Hata hivyo hukumu hiyo ilikuwa na athari. Chakula ambacho mwanachuoni anakitilia shaka hakiwezi kuwa chakula cha karamu. Kaa hakupelekwa kwa mwenye nyumba ya mawe kama alivyopelekwa nguru au kolekole. Alibaki kitoweo cha walio karibu na matope. Kwa hiyo mnyama asiyetafutwa na wakubwa alinaswa kwa sehemu ya samaki isiyotafutwa na wakubwa, na kazi yote ikafanyika nje ya macho ya wale walioandika.

Lugha yenyewe imehifadhi vipimo vya jambo hili. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa kitu kilichosalia, nayo hayana maana moja. Makombo ni yale yaliyoachwa na walaji, yenye alama ya mikono yao. Masazo ni chakula kilichosazwa, na kitenzi kusaza kinadokeza kwamba aliyekula alijua kuna mwingine atakayekuja. Mabaki ni neno la jumla, lenye asili ya Kiarabu, lisilosema lolote kuhusu mkono wala nia. Taka ni kitu kisicho na mwenyewe. Kichwa kile kile cha samaki huweza kupita katika maneno haya yote kwa siku moja, na kila neno humpa mtu mwingine haki juu yake. Kikiitwa taka, kila mtu aweza kukiokota. Kikiitwa masazo, kina mtu aliyewekewa. Kikiitwa chambo, kimeshapata kazi na mwenyewe.

Mfano wa ng'ambo

Ili kuona vizuri kilichotokea hapa, ni vyema kutazama mahali ambapo uvuvi wa namna hiyo uliandikwa tangu mapema. Katika ghuba ya Chesapeake, Marekani, huvuliwa kaa wa buluu, ambaye mwanasayansi Mary J. Rathbun alimpa jina la *Callinectes sapidus* mwaka 1896. Wavuvi wa huko walitumia kamba ndefu iliyotandazwa chini ya maji, ikiwa imefungwa chambo hatua kwa hatua bila ya ndoana, na chambo chenyewe kilikuwa vitu vya bei ndogo kama mikunga iliyotiwa chumvi na matumbo ya ng'ombe. Kisha Benjamin F. Lewis wa Virginia alibuni mtego wa waya wenye chumba cha chambo, akapata hati ya kuumiliki mwaka 1928, na nyingine kwa mtego ulioboreshwa mwaka 1938.

Mtego huo ulibadilisha mambo mawili. Kwanza, uliongeza mno mahitaji ya chambo, hata samaki wadogo wenye mafuta waitwao menhaden wakawa wanavuliwa na kuuzwa kwa ajili hiyo. Chambo kiliacha kuwa mabaki, kikawa bidhaa. Pili, mbinu ilipata jina la mtu na tarehe. Kanuni ya mtego wa Lewis, yaani mlango unaoruhusu kuingia na kuzuia kutoka, haitofautiani na kanuni ya dema. Tofauti ni kwamba mmoja aliandikishwa katika ofisi ya serikali, na wasukaji wa dema, ambao ni wengi na wa karne nyingi, hawakuandikishwa popote.

Mabaki yalipopanda thamani

Mageuzi ya pwani ya Kenya yalikuja kwa njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1960 hoteli za watalii ziliongezeka, na wageni waliokuja hawakuwa na shaka yoyote juu ya kaa. Baadaye likafunguka soko la kaa hai wanaofungwa magando na kusafirishwa kwa ndege hadi Asia ya Mashariki. Mnyama aliyekuwa kitoweo cha wanyonge akawa chakula cha karamu katika nchi za mbali. Tangu miaka ya 2000 vikundi vya wanakijiji vimejaribu pia kuwanenepesha kaa katika vizimba vilivyojengwa ndani ya mikoko, na chakula wanachowapa ni pamoja na mabaki ya samaki. Hivyo mabaki hayatumiki tena kumnasa kaa tu. Hutumika kumlisha siku kwa siku, na kiasi kinachohitajika ni kikubwa zaidi.

Lakini katika miaka hiyo hiyo mabaki nayo yalipata walaji. Pwani ya Kenya ina wanawake waitwao mama karanga, ambao hununua samaki wadogo na wa bei nafuu, huwakaanga na kuwauza kwa wenye kipato kidogo. Samaki walivyopungua na bei kupanda, mengi ambayo zamani yangetupwa yaliingia katika kikaango. Mfano ulio wazi zaidi unapatikana mbali na bahari. Katika miaka ya 1980 viwanda vya minofu ya mbuta vilipoanzishwa kando ya Ziwa Viktoria, minofu ilipelekwa ng'ambo, na kilichosalia, yaani kichwa na mifupa, kikauzwa kwa wenyeji. Wenyeji walikipa jina la mgongo wazi. Jina hilo lastahili kutazamwa na wanalugha. Halikukopwa popote, na halisemi makombo wala taka. Linaeleza kile ambacho jicho linaona: samaki aliyeondolewa nyama, uti wake ukabaki nje. Kwa maneno mawili watu walieleza namna mgawanyo wa samaki wao ulivyobadilika.

Hapa ndipo mambo yalipogeuzwa. Zamani, kwa jumla, mtu alikula samaki na kaa akapewa kichwa, kisha mtu huyo huyo akamla kaa. Sasa kichwa kinagombaniwa na mtu wa kikaango, mwenye mtego na mwenye kizimba, na kaa anayetokana nacho huliwa na mtu wa nne asiyejulikana kwa hao watatu. Haifai kusema kwamba badiliko hili ni hasara tupu. Bei ya kaa imewapa wakazi wa Dabaso na Mtwapa mapato ambayo wazazi wao hawakuyapata kwa kazi hiyo. Lakini ni kweli pia kwamba kila kilo ya vichwa inayotiwa kizimbani imetoka mahali ambapo ingeweza kutiwa chunguni. Swali la nani mwenye haki ya mabaki, ambalo zamani lilijibiwa kimya kimya ufuoni, sasa lina bei.

Hitimisho

Kamusi za Kiswahili, kutoka ile ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882, kupitia zile za Johnson na Sacleux za mwaka 1939, hadi *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981, zimefanya kazi kubwa ya kuokoa maneno. Kamusi, hata hivyo, kwa asili yake hutenganisha neno na kazi. Husema chambo ni nini. Haiwezi kueleza kwamba chambo cha kaa hakina budi kuwa kitu ambacho mwenye nyumba hakitaki, kwamba kichwa hutangulizwa mbele ya utumbo kwa sababu fulani, na kwamba siku mwenye nyumba anapokitaka kichwa, kazi yote hubadilika.

Maarifa hayo yamo vinywani mwa watu, na watu hao ni wazee. Kijana anayelisha kaa kizimbani hana haja ya kujua shimo la babu yake liko wapi, wala ni bamvua lipi linalolifunua. Akisahau, hatakuwa amefanya kosa lolote. Maisha yake yamebadilika. Lakini neno lisilotumika hudumu kizazi kimoja au viwili, kisha hubaki ganda. Idara za lugha, ambazo zimezoea kuwatuma wanafunzi wao kukusanya mashairi na methali, zingefanya vyema kuwatuma pia kwenye mikoko wakati maji yanapokupwa, wakaandike kwa ukamilifu jina la kila sehemu ya dema, kila namna ya matope, na kila kipande cha samaki pamoja na kazi yake. Ushairi wa pwani umepata wahifadhi wake. Wasukaji wa madema na wafungaji wa chambo wangali wanawangojea wao.